Sifuri ya Makere

Kasulu, Jumatano, Aprili 2014

Bado siiamini ile sifuri. Katika kikao cha kupanga vijiji vya kupewa vyandarua, Bwana Afya alisoma takwimu za mvua alizozitoa mtandaoni.

"Makere, mwezi Machi, sifuri. Mvua haikunyesha, Mwalimu. Malaria itapungua huko. Vyandarua viende Titye."

Machi nilikuwa Makere kwa dada yangu, nikalowa karibu kila jioni.

Nilimtaka asome maelezo yaliyo chini ya jedwali. Akasoma polepole: sifuri ni mahali ambapo kipimo hakikusomwa.

"Basi haikupimwa," nikamwambia. "'Haikunyesha' ni kitenzi kingine."

Akacheka. "Mzee bado unasahihisha madaftari."

Ameahidi kurekebisha orodha. Lakini mwaka jana pia Makere haikupata vyandarua, na mjukuu wa dada alilazwa hospitali ya Kabanga kwa malaria. Sifuri ya mwaka jana aliisoma nani?