Kanga Mdomoni mwa Gramafoni

Baba,

Nakuandikia kabla watu hawajaja kunishitaki kaburini kwako. Leo ni mwezi wa pili tangu tukuzike, na humu ndani gramafoni yako inapigwa.

Usiudhike. Ni kwa ajili ya Mama. Tangu uondoke, moyo unamwenda mbio hata akiwa amelala. Ngazi za nyumba yetu, alizokuwa akizipanda na ndoo ya maji mkononi, sasa anapanda mbili anakaa. Wiki ya tano tulimwita daktari. Alimsikiliza kifua, akampa vidonge, kisha akamuuliza anapenda nini. Mama, na nguo zake za eda, akajibu, "Muziki." Daktari akasema vidonge asiviache, lakini muziki anaoupenda mtu hutuliza mapigo ya moyo, basi asikilize kila siku.

Dada yako akaja juu. "Mjane yumo edani! Nyumba ya msiba mshaifanya klabu?"

Na mimi, Baba, moyoni nilikuwa upande wake. Lakini niliogopa kumpoteza Mama kuliko nilivyoogopa maneno ya watu. Nikatia kanga kwenye mdomo wa gramafoni ili sauti isivuke mlango, nikachagua wimbo wa majonzi, wa polepole, nikidhani ndio unaofaa msiba. Mama alilia mpaka akashika kifua. "Izime hiyo, utaniua. Niwekee ile ya babaako."

Nilijua ni ipi. Ile ya vijembe, uliyokuwa ukijifunga kanga yake kiunoni ukaicheza jikoni, naye juu ya mbuzi, nazi mkononi, hawezi kukuna kwa kicheko.

Nikaiweka. Mama akacheka.

Nilimchukia, Baba. Saa ile nilimchukia mama yangu mzazi. Wewe uko chini ya udongo, arubaini yako haijafika, na mkeo anacheka! Nikanyoosha mkono niizime. Akaudaka, akauweka kifuani pake. Moyo ulikuwa ukienda taratibu, mara ya kwanza tangu siku ile. Nikalia mimi.

Shangazi alisikia. Akaingia amekunja uso, akasimama pale pale mpaka wimbo ukaisha. Kisha akaenda kufunga dirisha, akaketi. "Haya, igeuze upande wa pili," akasema, na machozi yanamtoka.

Sasa kila siku baada ya alasiri tunasikiliza sote watatu. Juzi Mama alipanda ngazi zote, akapumzika mara moja tu.

Nisamehe. Nilitaka alie ili watu wajue tumempoteza mtu gani. Sasa nataka aishi.

Pumzika, Baba, Mola akupe nuru huko uliko. Nakuahidi nitamtunza. Na siku atakayocheka kwa jambo lisilokuhusu wewe hata kidogo, sitanyoosha mkono.

Mwanao,
Zuwena