Mama Aliyeondolewa kwenye Mizani

Moraa mjukuu wangu, nimefurahi ng'ombe wa nyanya yako amezaa. Hapa Mogogosiek niko mzima, mgongo tu ndio unanung'unika.

Unauliza kama uamini yale simu inasema juu ya wagombea. Miaka ya tisini, mama mchumaji chai mwenzetu aligombea udiwani, atuletee maji kambini kwetu wafanyakazi. Siku moja kwenye foleni ya kupima majani, habari ikatoka mbele: amejiondoa. Nami nikaipitisha nyuma.

Mara akafika, kikapu mgongoni. "Nani ameniondoa?"

Kila mtu akaonyesha aliye mbele yake, mpaka kwa karani wa mizani, shemeji wa mpinzani wa mama huyo.

"Karani, umeniondoa na hata hukuniaga?"

Tulicheka hadi majani yakamwagika. Kisha nikakimbia nyuma ya foleni nikipiga kelele, "Mama bado yuko!" Na akashinda.

Uliza aliyekuambia naye aliambiwa na nani, mjukuu wangu.

Babu yako anayekupenda.