Likizo ya Maua

Kwa dada yangu Darmi,

Assalaam aleikum. Nauliza hali yenu kwanza, maana yangu inanitia aibu. Baba anakohoa bado? Usiku analala? Na watoto wanapata maziwa, au ni ile chai ya rangi tu? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mbovu.

Najua mmenisubiri. Najua Baba alikubali kupandishwa lori kutoka Garbatulla, na kifua chake kile, akalazwa chumbani kwako Bulla Pesa, hapo Isiolo mjini, ili nimkute karibu, aniwekee mkono kichwani kabla hajatuacha. Ni mimi niliyeandika kwamba naja. Sikukudanganya, dada. Ni Mama Anna, huyu ninayemlelea watoto huku Ujerumani, yule yule tuliyemfulia nguo wakati mumewe alipokuwa akichimba visima huko kwetu. Aliniahidi: "Maua yakichanua, Habiba, utapata likizo." Basi nikafunga sanduku. Kwetu mtu akipewa likizo huenda wapi kama si kwao?

Asubuhi yenyewe nikashuka ngazi na sanduku langu. Mama Anna akacheka hadi akashika ukuta. "Sanduku la nini? Jioni tunarudi!" Kumbe likizo ni kupanda meli ya mtoni kwenda kutazama sikukuu ya maua. Nikamwambia Baba ni mgonjwa, ananingoja. Akasema pole sana, mwaka ujao tutaona. Kisha akanipa kikapu cha chakula nibebe.

Mto wenyewe, Darmi, heri usiuone. Maji yanapita bure, hakuna ng'ombe hata mmoja anayekunywa. Watu wanakula keki, muziki unapigwa, nami nafuta watoto pua. Huko bustanini meli ilikotushusha, watu wamepanga foleni kupiga picha maua yasiyoliwa hata na mbuzi. Kuna nyumba ya vioo yenye joto kama la Isiolo, na ndani nikauona ule mti wetu wa kwenye mawe, wenye maua mekundu. Umewekewa kibao cha jina na mtu wa kuumwagilia maji. Mti unatunzwa kuliko baba yangu! Nililia pale pale. Mama Anna akadhani nimefurahi.

Nje kulikuwa na nyasi mbichi, nyingi, watu wanazikanyaga tu. Nikakumbuka Baba anavyoshika nyasi mkononi akitubariki, na ulivyoniandikia kwamba tangu ukame huu anabariki kwa mikono mitupu. Nikainama, nikang'oa za kujaza kiganja. Mlinzi akaja mbio akifoka. Mama Anna akawa mwekundu: "Habiba, unatuaibisha! Hapa watu hawang'oi." Ng'ombe wetu wamekwisha wote, nami nagombezwa kwa sababu ya nyasi. Nilizificha kifuani chini ya kanga.

Nisalimie shemeji yangu, na mama mkwe wako, na yule jirani Mmeru muuza miraa anayemletea Baba uji. Mwambie Mungu amlipe, mimi sina la kumlipa.

Nyasi zimo humu ndani ya bahasha. Mpe Baba azishike, alitaje jina langu. Zitakuwa zimekauka, mpe hivyo hivyo. Na kama hazikumkuta, dada yangu, usiharakishe kunijibu.

Mdogo wako,
Habiba