Bonde la Anjelina

Mjukuu wangu Nadine,

Unasalimiwa na wote hapa Muyinga. Bibi yako anakohoa, lakini nguvu za kunigombeza bado anazo. Umeuliza ni nani huamua kwamba hapa paandikwe shamba na pale kinamasi kwenye hizo ramani unazosomea. Umepata mtu wake: ramani ya Gitega nzima niliichora mi. Haya, nimedanganya. Nilibeba fimbo za mpimaji, na viatu vyake akivuka maji.

Siku moja ya masika tulishuka bondeni kwetu Bugendana. Mpimaji akauliza, "We kijana, hapa ni shamba ao kinamasi?"

Maji yalinifika magotini. Nikacheka. "Patron, shamba gani la kuogelea? Andika kinamasi."

Akaandika. Nilijua vizuri kwamba kiangazi dada yangu Anjelina hulima maharage palepale, lakini karatasi ilikuwa na nafasi ya neno moja, na mi nilipenda kuchekesha wakubwa.

Baadaye ikasemwa kinamasi hakina mwenyewe, bonde akapewa mtu mwingine. Anjelina akaja kwangu. "Kaka, maharage uliyokula miaka yote yalitoka kinamasi gani?" Akaenda Kobero kubeba mizigo mpakani, akazikwa hukohuko.

Sasa, unakumbuka termosi ya bibi uliyoivunja, kosa nikalibeba mi? Nilipe leo. Kwenye ramani yako, bondeni pale, andika shamba.

Babu yako