Hema Lisilonuka Dawa

Mpendwa Baba,

Nakuandikia mikono yangu ikiwa bado inanuka. Nimeinawa kwa sabuni, nikaisugua kwa majivu, nikaipaka ndimu mpaka mikwaruzo ikaniwasha, na bado kalamu ikikaribia pua nageuza uso. Unisamehe karatasi ikikufikia na harufu. Ni ya nguruwe, Baba, na ya kitu kibaya kuliko nguruwe, na imetoka kwenye hema lako.

Nianzie nyuma kidogo. Hapa parokiani kwetu Butembo padri alitangaza baada ya misa kwamba likizo kubwa hii kutakuwa na kambi ya familia: siku mbili juu ya kilima cha parokia, wazazi na watoto, kupika, kucheza, kusali na kulala huko huko. Kila familia ije na hema lake. Watu walicheka, wakidhani anatania. Katungu hakucheka. Mjukuu wako alikuwa amekaa kando yangu, nikaona vidole vyake vikiung'ang'ania ukingo wa benchi. Ulimwacha wa miaka minne, anakuvuta ndevu. Sasa ana kumi na mmoja, ni mrefu kuliko wenzake, shuleni anafanya vizuri, na haingii chini ya kitambaa chochote kilichotandikwa juu ya miti. Kwenye harusi anakaa juani. Kwenye kilio anasimama barabarani. Mvua ikitukuta sokoni, watoto wa wenzangu wanakimbilia chini ya shitingi, yale maturubai ya plastiki ya wauzaji, yeye analowa.

Sababu unaijua, na unajua nilikuahidi nini. Ndiyo maana nilinyoosha mkono mbele ya watu wote nikaandikisha jina letu, kisha nikarudi nyumbani bila kujua hema litatoka wapi.

Kwanza nilimpigia Kambale simu. Si yeye aliyebaki na vitu vyako? Akanijibu kwamba lile hema lilikufa zamani, panya walilimaliza. Alisema haraka haraka, kama mtu anayefunga mlango. Nikamwamini, kwa sababu ni mdogo wangu na nilikuwa na haraka.

Basi nikaenda sokoni na masharti yako kichwani. Unakumbuka siku uliponichukua hadi Beni kununua lile hema lako? Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mwuzaji alikuwa na mahema matano yaliyokunjwa, naye alitaka kutusomea sifa zake moja moja. Ukamwambia angoje. "Pua kwanza," ulisema, ukaingiza kichwa chote ndani ya turubai mpaka masikio yakapotea. Halafu ukaomba ndoo ya maji, ukalimwagia mgongoni, ukahesabu matone yaliyopita. Mwisho ukasema tulale ndani. Tulikuwa familia ya watu sita na tulikuja wawili tu, kwa hiyo ukamlaza mwuzaji, ukamlaza na fundi wa baiskeli wa jirani, ukawaita wengine wawili waliokuwa wanatucheka, ukatupanga kama dagaa. Nilitamani ardhi inimeze. Wewe ulikuwa mwalimu hata sokoni, na hakuna aliyethubutu kukukatalia.

Na kila likizo kubwa ulilifunga kwenye baiskeli, tukapanda lori hadi Mangina, kisha kwa miguu hadi kwenye shamba la kahawa la Babu. Watu wa pale walishangaa. Mwalimu mzima, ana ndugu katika kila nyumba, analala nje kwenye kitambaa. Ukawajibu kwamba ukilala kwa ndugu unasikia ndugu tu. Mama alipika sombe, majani ya muhogo, mbele ya mlango wa hema, moshi wote ukaingia ndani, Kambale akakojoa kwenye blanketi kila safari, na sisi tukalalamika, "Papa, inanuka."

"Hapana," ulisema. "Inanukia."

Ukatupa somo la Kiswahili pale pale, tukiwa tumeziba pua: kunuka ni kwa kilichooza, kunukia ni kwa maua na chakula, na hema, ulidai, liko upande wa chakula. Tulicheka sana. Mwaka mmoja msumari uliporarua ubavu wake ukanipa sindano ya magunia na uzi mwekundu, kwa kuwa wa kijani haukuwapo, ukanikalisha hapo mpaka nikamaliza. Mishono ilienda kombo kama njia ya ng'ombe. Ndiyo mishono yangu ya kwanza, Baba, na leo nakula kwa cherehani.

Sasa, soko la leo. Hema la kwanza nililooneshwa lilikuwa limefungiwa makayabu. Nilipoingiza pua nilitoka na chumvi na samaki wa mwaka juzi kooni. La pili lilikuwa na sehemu iliyokwanguliwa kwa wembe, pale palipokuwa na maandishi ya wale waliolitoa bure kwa wakimbizi wa vita. Nikamwuliza mwuzaji limetoka wapi. Akacheka kwa meno yote. "Mama, tente haina kwao," aliniambia. "Unalipa, inakuwa yako." Nilimtazama yule mtu na shati lake lililopigwa pasi nikasikia kinyaa kinanipanda hadi nyuma ya masikio. Kuna mama mahali fulani njiani kati ya Kanyabayonga na huku anayelaza watoto kwenye majani kwa sababu ya wembe ule.

Akaona sijapenda, akanivutia la tatu. Jeupe, zito, safi kabisa, zipu zinapita vizuri, na dirisha la plastiki ubavuni. Niliinama. Pua kwanza.

Dawa, Baba. Klore, ile ya kuua vijidudu. Ilikuwa imeingia ndani ya nyuzi.

Sikutapika, lakini nilikwenda kushika ukuta wa duka la jirani, na mwuzaji akaniletea kiti akidhani nina mimba. Nilikuwa tena kule Mangina, mwaka wa ule ugonjwa wa kutokwa damu, nimesimama nyuma ya uzio wa rangi ya machungwa, Katungu mgongoni mwangu. Wewe ulikuwa ndani ya hema jeupe, upande wa pili wa dirisha la plastiki. Wauguzi walikutendea vizuri, sina neno nao. Walikusogezea kitanda ili tuonane. Ulikuwa umekonda, na ulifanya kitu ambacho kiliwachanganya: ulivuta pua mara mbili, kwa nguvu, kama siku ile Beni, ukakunja uso.

"Masika," ulisema, sauti ikitoka kama kwenye mkebe. "Hii ndiyo inanuka."

Nikacheka. Nilicheka mbele ya baba yangu anayekufa, na Katungu akacheka kwa kuwa mimi nimecheka. Halafu ukamwangalia yeye, si mimi. "Usiache batoto bawaze tente ni ya kufia tu. Uniahidi." Nikakuahidi. Kesho yake watu wenye mavazi meupe walikubeba kwenye mfuko, wakanyunyiza dawa mpaka kwenye viatu vyangu, nasi tukakuzika tukiwa mbali, bila kukugusa. Katungu aliona yote akiwa mgongoni, kichwa chake juu ya bega langu. Nilidhani mtoto wa miaka minne husahau.

Nilitoka sokoni mikono mitupu. Njiani nikapita kwa Kambale niazime shitingi ya pikapu yake, nikifikiri labda nitashona kitu mwenyewe. Hakuwapo. Mke wake akanikaribisha, nikaomba choo.

Mlango wa choo chao ni pazia. Nililisukuma, nikajikuta nimeshika uzi mwekundu.

Nilihesabu kwa kidole. Mishono ya kombo, yote kumi na tisa, na juu yake mafuta meusi ya mikono ya watu waliotoka kujisaidia. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Nusu nyingine ya hema lako ilikuwa paa la banda la nguruwe, kijani bado kinaonekana chini ya matope, na dume moja likijikuna mgongo kwenye kona ambayo Mama alikuwa akiwekea rozari yake. Harufu yake siwezi kukuandikia. Nzi waliinuka kama waliotupwa na mtu.

Kambale alinikuta nimepanda kwenye ukuta wa banda, sketi nimeifunga kiunoni, nakata kamba kwa kisu cha jikoni kwake.

"Yaya, dada yangu, ni kitambaa tu," alisema.

Nilitema mate. Nilitema mbele ya mke wake, karibu na viatu vya mdogo wangu, na sijuti sana. Nilimwambia kwamba mtu anayeweka baba yake mlangoni pa choo asinipigie simu Noeli. Aliinamisha kichwa. Ukweli ni kwamba yeye hajawahi kuweza kulitazama likiwa bado hema tangu ulipokufa. Aliniambia hivyo baadaye, akinisaidia kulikunja, akizuia pumzi. Kila mtu na namna yake ya kukimbia. Ila namna yake ilinichefua, na inanichefua hata sasa ninapoandika.

Siku nne nimelisugua. Kwa brashi, kwa mchanga, kwa majivu, kwa kisu pale penye kuganda. Majirani waliniuliza kwa nini nisitie klore kidogo, itamaliza harufu mara moja. Niliwajibu vibaya. Klore haitagusa kitambaa hiki nikiwa hai. Nilichuruza maji ya kahawia mpaka mfereji wetu ukalalamikiwa, nilikula bila hamu, nilimchukia Kambale, nilimchukia mwuzaji wa shati la pasi, nilikuchukia na wewe kidogo, kwa kuniachia ahadi ya namna hii. Kisha nikaunga nusu mbili kwa cherehani, na palipokuwa pazito mno nikatumia sindano ya magunia. Uzi mwekundu. Wa kijani upo siku hizi, ila sikuutaka.

Leo asubuhi nililisimamisha uani ili lipite mtihani wako. Sikuwa nimefunga hata kamba ya tatu nikaona majirani wanaingia getini mmoja mmoja, vitambaa vichwani, mmoja na kuni, mwingine na kiti cha plastiki. Mbele yao Mama Kavira, yule aliyekimbia vita kutoka Kayna na sasa amepanga chumba nyuma yetu. Akanishika mikono yote miwili.

"Pole, Mama Katungu. Ni nani alikufa?"

Bila shaka. Turubai limetandikwa uani asubuhi, wangedhani nini kingine? Nilieleza kwamba hakuna aliyekufa, ni hema la kwenda kambini na mtoto, kulala kilimani na kurudi. Wengine waliondoka na kuni zao, wamekasirika kama waliodanganywa. Mama Kavira alibaki.

"Mutu analala inje kwa kupenda?" aliuliza. Hakuwa ananicheka. Alitaka kujua.

Niliona aibu tu, aibu na kinyaa kwa mdomo wangu uliosema kambi mbele yake kana kwamba ni neno jepesi. Alizunguka hema, akavuta kamba moja, akasema mulango iko upande wa mvua, akachukua jembe langu akachimba mfereji mdogo kuzunguka lote, upesi, kama mtu aliyefanya hivyo mara nyingi bila kuombwa. Ndiye aliyemwaga ndoo. Matone mawili tu yalipita, Baba, yote kwenye mshono wangu wa kwanza.

Ikabaki kulala ndani. Nikaingia mimi, nikalala chali. Mama Kavira akaingia, akajinyoosha kando yangu. Mlangoni tuliona miguu ya Katungu, imesimama. Sikumwita. Nilikuwa nimejiapiza sitamwita. Miguu ilikaa pale mpaka nikaanza kusikia harufu kwa upya, ile iliyokataa brashi na majivu na ndimu, ikipanda kwa joto la jua, nzito, ya banda na ya choo, na nikaona wazi kwamba nimekosea, kwamba hakuna mtoto atakayeingia kwenye uchafu huu, kwamba nilimnyima hema jeupe safi nikamletea jalala.

Akapiga magoti. Akaingiza kichwa tu. Alivuta pua mara mbili, kwa nguvu, na sikuwahi kumfundisha hivyo.

"Mama, inanuka," alisema.

Nikafungua mdomo nimsahihishe, somo lako lilikuwa tayari ulimini. Yeye akavuta pua tena, polepole, akitafuta kitu na asikipate.

"Inanuka nguruwe," alisema. "Hapana dawa."

Akaingia, akajilaza katikati yetu, akatuomba tusogee.

Jumamosi tunapanda kilimani. Bado tupo ndani wakati naandika haya, karatasi juu ya goti, na Katungu amesinzia mchana kweupe mdomo wazi. Pumzika, Baba. Kambale anakusalimu, amesema atakuja kutubebea miti, na nimekubali, ila atalala upande wa choo.

Binti yako wa kwanza, mwenye mikono inayonukia,

Masika