Msumari wa Wiki Iliyopita

Mama watoto,

Maharage yamechemka mara moja, yaongezee maji ukitoka sokoni. Uji wangu uko kwenye kikombe, sikuuweza.

Usidhani nadeka. Nimeamka taya limekaza kama droo iliyovimba kwa maji. Kijiko kiligonga meno kikarudi. Binti yako akacheka kabla ya kwenda shule: "Baba, leo umenuna mpaka mdomo umejifunga!" Nikacheka naye, kwa pua. Baadaye nikajitazama kwenye kioo. Midomo imejivuta pembeni kama nacheka, na hakuna ninachokichekea. Sasa shingo nayo inakaza.

Unaukumbuka ule msumari wenye kutu ulionichoma unyayo kwenye karakana? Uliponiuliza kama nimechomwa sindano nikakujibu, "Mbili, kushoto na kulia." Ukacheka, yakaisha. Mke wangu, sikuchomwa hata moja. Niliona foleni ndefu pale zahanati, nikarudi kumalizia kitanda cha mteja. Diploma ukutani, akili stoo.

Jirani ananipeleka hospitali, anapiga honi hapa nje.

Kopo la misumari nimelipandisha juu ya kabati, watoto wasiguse.

~~Nitarudi kabla ya chakula.~~ Acha kila kitu, nifuate. Zima jiko kwanza. Ukifika waambie neno pepopunda, na waambie ukweli kwamba sindano sikuchomwa. Useme wewe, maana nimejaribu kumweleza jirani kupitia dirisha, na hakuelewa hata neno moja.

Baba watoto