Tundu Uliloliacha kwenye Kioo cha Baba

Kijenge,
Arusha.
11 Agosti 2025

Mpendwa kaka Najim,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Shikamoo hii naitoa kwa sababu Baba, Mungu amrehemu, alitufundisha kuamkia kwanza hata kama moyo umefura, si kwa sababu umeistahili mwezi huu. Hujambo? Wifi Tunu hajambo? Joto la Maskati linawaacha mlale? Huku ni baridi tu, mlima haujaonekana tangu Ijumaa, na Mama anavaa sweta mbili. Afya yake nzuri, alhamdulillahi. Mguu bado mzito, lakini anakula na anagomba, na akigomba najua yu mzima.

Barua hii nimempa binamu yetu Said akukabidhi mkononi. Usishangae kwamba nimerudi kwenye karatasi. Nikikupigia unacheka, nikikutumia ujumbe unanijibu kwa kidole gumba. Kaa chini usome.

Nina hasira nawe, Najim. Naandika wazi ili usije ukasema hukuelewa.

Unajua tangi la samaki la pale sebuleni ni kitu gani kwa Mama. Baba alilikata na kuliunga kwa mikono yake kwenye karakana yake ya vioo, na haukupita muda akatutoka. Tangu Mama apate kiharusi, kiti chake kinatazama tangi hilo. Televisheni haitaki. Samaki wote amewapa majina na anawasimulia habari za mtaa. Basi ukaja mapumziko na lile boksi jeusi lenye meno kama kitana, ukatueleza kwamba litapokea maji ya juu, yateremke kwa bomba hadi tangi dogo la chini, yachujwe, yapandishwe tena kwa pampu, ili mimi nipumzike kubeba ndoo. Wazo zuri, sikatai. Nilifurahi mpaka nikakupikia pilau.

Lakini ulingoja hadi siku ya safari, begi liko mlangoni, ndipo ukashika drili. Ukapima tundu katikati ya kioo cha nyuma, eti kwa sababu bomba ulilonunua ni fupi. Kaka! Boksi likikaa katikati, maji nayo yataishia katikati. Hilo halihitaji kwenda Maskati kulijua. Nikakwambia umwagie maji kwenye biti ya drili, kioo kikipata moto kinamegeka. Ukanijibu nikachemshe chai. Na Mama akanikata jicho: mwache kaka yako, ni mgeni. Nikaenda jikoni, na huko jikoni nikasikia kioo cha Baba kikilia. Mpaka leo nikiikumbuka ile sauti meno yananiuma.

Ukingo wa tundu ukamegeka. Mpira wa kuzuia maji ukauvisha nje badala ya ndani, halafu ukakaza nati kwa praizi kama mtu anayefunga tairi la lori. "Itakaa tu," ukasema. Ukambusu Mama, ukapanda gari kwenda uwanja wa ndege wa KIA.

Haikukaa. Kabla ya magharibi zulia lilikuwa chapachapa. Nikawahamishia samaki kwenye mabeseni ya kufulia, na baridi hii ya Arusha unaijua. Yule mweupe mwenye mapezi marefu, ambaye Mama anamwita Bi Harusi, aliruka akaangukia sakafuni. Mama alimwona wa kwanza, na mguu ule haukumruhusu kumfikia. Alikuwa akiniita, mimi niko uani nimefungulia bomba, sisikii. Nilipoingia Bi Harusi ameshakufa, na Mama analia kama aliyefiwa na mtu. Ulipopiga simu jioni ile akajifuta uso akakwambia kila kitu kiko salama, mwanangu, huku akinipungia mkono ninyamaze. Mgeni hasumbuliwi!

Sikwenda kutafuta fundi. Wewe ulipokuwa bweni unasoma, ni mimi niliyekuwa nikimshikia Baba upande wa pili wa kioo. Nilikata kipande cha mraba, unene ule ule, kikubwa kuliko tundu lako kila upande. Nikasafisha kwa spiriti, nikakibandika kwa silikoni upande wa ndani, ili maji yenyewe yakisukume kibane. Hapo nami nilikosea. Niliwaonea huruma samaki nikajaza maji silikoni haijakauka, ikaanza kudondosha. Nikabandua, nikakwangua, nikarudia mwanzo, huku nikikutaja kwa majina ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi itakayopita mikononi mwa Said.

Mara ya pili nilisubiri wiki nzima. Kisha nikatoboa tundu jipya juu, karibu na ukingo lakini si karibu mno. Maji ya kupoza biti yanahitaji kitu cha kuyazuia yasikimbie, kwa hiyo nikataka donge la unga nilizungushe kama kingo. Nikiwa nahangaika kubandika utepe penye alama ya tundu, Mama akaniambia nimletee sinia. Kaka, mkono wake wa kulia, ule ambao daktari anasema auzoeshe naye hataki, ulikanda unga ule mpaka ukalainika kama wa chapati. Drili nikaiendesha polepole, biti ikizunguka ndani ya kiziwa cha unga wa Mama, na kile kiduara cha kioo kikatoka kizima bila hata kumegeka. Mpira nikauvisha ndani. Nati nikaikaza kwa mkono tu.

Sasa maji yanapita kwenye meno ya boksi, yanashuka, yanapanda. Samaki wamerudi, isipokuwa mmoja.

Nilidhani hasira imekwisha. Juzi Mama Princess, jirani yetu, akaja kumjulia Mama hali, akalisifia tangi hadi basi. Na Mama yetu, aliyekanda unga kwa mkono wake, aliyeniona nimepiga magoti nyuma ya tangi na silikoni mpaka kwenye nywele, akajibu: "Ni Najim wangu huyo, wa Maskati." Nikamtazama. Akasema kwani uongo, si yeye aliyeleta boksi?

Najim, ndoo nimebeba, usiku wa kiharusi nimemshika mimi, sijakudai kitu na sikudai leo. Usiniletee zawadi. Lakini hilo la juzi limenichoma, nami nimechoka kunyamazishwa kila ukija. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe ni mwaka wa kumi na mmoja unakuja nyumbani kwenu mgeni. Ukija tena, ndoo utaikuta mlangoni, na chai utachemsha mwenyewe.

Msalimie wifi Tunu, mwambie kitambaa alichonitumia kimenikaa vizuri. Shangazi wa Kikatiti anakusalimu, na mumewe pia. Mama naye anakusalimu sana. Ameniagiza nikuandikie kwamba tangi lako linakwenda vizuri.

Basi Ijumaa ukitoka kuswali, mpigie. Mwambie aweke sauti kubwa, kisha umweleze kwa kinywa chako: Mama, mimi nilitoboa vibaya, Kauthar ndiye aliyeziba. Nitakuwa nimekaa pale pale mbele ya samaki, nasikiliza.

Mungu akulinde huko uliko, akurudishe salama, akurudishe mtu wa nyumbani.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa hasira zangu zote,

Kauthar